Friji Inapiga, Spika Zinavuma: Mwongozo wa Kutafuta Ubovu wa Athi Nyumbani

“Fundi, friji inanipiga.” “Pole mama. Na ukivaa kandambili?” “Nikivaa haipigi.” Mazungumzo haya yanasikika kila mtaa, na mara nyingi suluhisho huishia hapohapo: zulia la mpira linatandikwa mbele ya friji, watoto wanakatazwa kuigusa, maisha yanaendelea. Katika nyumba hiyohiyo utakuta sabufa inavuma hata sauti ikiwa chini, skrini ya simu inajibonyeza yenyewe ikiwa kwenye chaji, na kompyuta mpakato inatekenya viganja. Yote yanabebeshwa lawama moja, “umeme mchafu”. Lakini hayafanani. Mengine yanatokana na waya wa athi (ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) uliokatika au ambao haukuwahi kufungwa, mengine ni tabia ya chaja tu, na mengine ni ubovu unaoweza kumuua mtu bafuni kesho asubuhi. Ukijua kupima, utayatenganisha bila kubahatisha.

Kabla ya kupima

Kama mguso unakurusha, unakaza misuli, au unatokea kwenye bomba, shawa, jiko au ukuta wenye unyevu, usianze uchunguzi. Zima meni swichi, zuia watu wasiguse, ita fundi. Hita za kuogea za papo kwa papo ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu nyingi zina koili iliyo wazi ndani ya maji yenyewe. Bila athi, maji yanayokumwagikia ndiyo njia ya umeme kufika ardhini, na wewe umesimama katikati. Miliampea 10 hivi zinatosha kukaza mkono usiweze kuachia chuma. Zaidi ya 30, zikikaa mwilini, moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Mtekenyo mdogo kama wa chungu wakitembea, unaosikika zaidi ukipitisha nyuma ya kiganja juu ya chuma cha televisheni au kompyuta, kwa kawaida ni jambo jingine. Ndani ya vyombo hivyo kuna vichujio vya kelele vyenye kapasita mbili, moja kutoka waya wa moto (unaoleta umeme) hadi bodi, yaani ganda la chuma la chombo, na nyingine kutoka nyutro (waya unaourudisha) hadi bodi. Athi ikiwepo, umeme huo mdogo unashuka ardhini bila wewe kujua. Athi isipokuwepo, bodi linabaki likielea kwenye nusu ya volti za nyumba, yaani kama 115, ingawa mkondo wake ni sehemu tu ya miliampea moja. Hauui. Unakuambia tu kwamba chombo hicho hakipati athi: ama plagi yake ni ya pini mbili, ama soketi yako haina athi. Kama ni soketi, hiyo ni habari kubwa, kwa sababu siku friji au pasi itakapoharibika kweli, hakutakuwa na kitu cha kukukinga.

Athi ya nyumba inatoka wapi

Kwa nyumba nyingi za Tanzania, waya unaoshuka kutoka nguzo ya TANESCO unaleta moto na nyutro basi. Athi ni ya mwenye nyumba: rodi ya chuma iliyofunikwa shaba, aghalabu mita 1.2 kwa milimita 16, iliyopigiliwa karibu na ukuta. Kutoka hapo unapanda waya wa kijani wenye mstari wa njano hadi kwenye boksi la breka, kisha unasambaa hadi tundu la juu la kila soketi.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini breka hazikati. Kwenye udongo wa wastani wenye unyevu, rodi moja ya mita 1.2 inatoa ukinzani wa omu 70 hivi. Kwenye mchanga mkavu inaweza kufika omu 700. Waya wa moto ukigusa bodi la friji, volti 230 ukizigawa kwa omu 70 unapata ampea 3.3. Breka ya ampea 32 haishtuki hata kidogo. Friji inaendelea kugandisha barafu huku bodi lake lina umeme. Ndiyo maana nyumba yenye athi ya rodi lazima iwe na RCD, ile swichi pana yenye kitufe kilichoandikwa T. Hiyo haingoji ampea nyingi. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata mara moja. Fundi akikuambia “breka zipo, zinatosha”, muulize hesabu hiyo.

Vifaa

Multimita ya kawaida, redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati, na kile kiplagi cha kupimia soketi chenye taa tatu. Bisibisi ya testa unaweza kubaki nayo, ila ujue mipaka yake: inaonyesha kwamba kuna volti mahali fulani, haionyeshi athi, na wakati mwingine inawaka hafifu kwa umeme wa kuambukizwa na waya wa jirani. Nimeona watu wengi wakiitangaza soketi kuwa “nzima” kwa sababu testa imewaka tundu la kulia. Hicho ni kipimo cha theluthi moja ya soketi.

Hatua ya 1: chunguza ekstensheni na plagi

Anzia hapa, kwa sababu ni rahisi na mara nyingi ndipo penye tatizo. Ekstensheni nyingi za bei nafuu, zile za matundu yanayokubali plagi ya kila nchi, zina matundu matatu juu lakini waya wake una nyuzi mbili tu ndani. Tundu la athi ni pambo. Chomoa ekstensheni kabisa ukutani, weka multimita kwenye kupima mwendelezo (inalia waya ukiwa haujakatika), gusa pini ndefu ya plagi na bati la tundu la athi upande wa pili. Isipolia, hiyo si ya friji wala kompyuta. Itumie kuchaji simu.

Fanya hivyohivyo kwa chombo chenyewe kikiwa kimechomolewa. Kati ya pini ya athi na chuma cha bodi lake (kwaruza mahali pasipo rangi, kama kichwa cha skrubu) multimita isome chini ya omu 1. Kisha pima kati ya pini ya athi na kila moja ya pini mbili fupi: isisome kitu, au isome mamilioni ya omu. Ikisoma maelfu tu, insulesheni ndani imechoka au imelowa. Kwenye pasi, birika na hita, koili yenyewe ndiyo mshukiwa. Multimita hupima kwa volti chache za betri, kwa hiyo ikikuambia chombo ni kibovu iamini, ila ikikuambia ni kizima usiiamini moja kwa moja. Fundi mwenye mega ya volti 500 (kipimo cha insulesheni) ataona inachokosa.

Na kama kuna mtu nyumbani amekata pini ya athi ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili, au anafungua tundu la juu kwa kalamu ili achomeke plagi ya pini mbili, hapo umeshapata sehemu ya jibu.

Hatua ya 2: pima soketi

Njia salama ni kiplagi cha taa tatu: unachomeka, unasoma taa, unalinganisha na picha iliyo juu yake. Kitakuonyesha athi iliyokatika, au moto na nyutro vilivyobadilishana nafasi. Hakitakuonyesha ubora wa athi, na nyutro ikibadilishana na athi hakitagundua.

Ukitumia multimita, iweke kwenye volti za AC, kipimo cha 600 au zaidi, vidole nyuma ya kingo za plastiki. Ukitazama soketi ya ukutani tundu la athi likiwa juu, moto uko kulia, nyutro kushoto. Hivi ndivyo unavyosoma.

Moto na nyutro: karibu 230. Moto na athi: karibu sawa na hapo juu. Nyutro na athi: sifuri hadi volti chache.

Moto na athi ikisoma namba ya ajabu, 60, 90, 130, na inayumbayumba, waya wa athi hauna mwisho, unaelea. Moto na athi ikisoma 230 safi, usishangilie bado. Multimita inavuta mkondo mdogo mno kiasi kwamba hata rodi ya omu 2,000 kwenye mchanga itasoma 230. Umejua waya unafika ardhini. Hujajua unafika vizuri kiasi gani. Nyutro na athi ikizidi volti 10 hivi huku vyombo vizito vimezimwa, huenda kuna kiungo cha nyutro kilicholegea ndani ya nyumba au nje, na hilo lichunguzwe.

Kuna dalili moja ambayo kila fundi wa mtaani anaijua: umeme umekatika chumbani, lakini testa inawaka matundu yote mawili. Huo si umeme mwingi. Nyutro imekatika mahali, na moto unapitia kwenye taa au chombo kilichochomekwa kisha unajitokeza upande wa pili. Usiguse nyutro ukidhani haina kitu. Na kama nyumba ina fezi tatu, nyutro ya nje ikikatika, baadhi ya vyumba taa zitafifia na vingine zitawaka kupita kiasi, kwa sababu volti zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima meni swichi papo hapo na upige simu ya dharura ya shirika la umeme. Hapo dakika chache zinatosha kuunguza televisheni, friji na kila chaja.

Hatua ya 3: fuata waya hadi kwenye rodi

Soketi moja ikikosa athi na nyingine zikiwa nazo, ubovu uko kwenye soketi hiyo au ile inayoilisha. Zima meni swichi, hakikisha kwa kupima kwamba soketi imekufa kweli, fungua. Utakachokuta mara nyingi ni waya wa kijani uliokunjwa nyuma bila kufungwa, au skrubu iliyobana insulesheni badala ya shaba. Kwenye nyaya za zamani za ukutani rangi ni nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa athi. Nyaya mpya na za vyombo ni kahawia, bluu, na kijani-njano. Usiamini rangi bila kupima, kwa sababu fundi aliyeishiwa waya mwekundu hutumia alichonacho.

Soketi zote zikikosa, shida iko kwenye boksi au kwenye rodi. Boksi usilifungue mwenyewe kama hujafunzwa: hata meni swichi ikiwa imezimwa, nyaya zinazoingia kutoka mita ya LUKU bado zina moto. Rodi unaweza kuikagua kwa macho, ila usishike waya wake mkono mtupu, kwa maana ukiwa na ubovu ndani ya nyumba waya huo unaweza kuwa na umeme. Tafuta kishikio kilichoota kutu, waya uliokatwa na jembe la mtunza bustani, au rodi iliyofunikwa na zege wakati wa kutengeneza kibaraza. Wakati mwingine utakuta kipande cha nondo ya ujenzi cha nusu mita kimechomekwa tu, kwa ajili ya macho ya mkaguzi.

Rodi inayofaa

Ubora wa rodi unapimwa kwa kipimo maalumu cha athi chenye misumari miwili ya kuchomeka ardhini, au kwa kipimo cha mzunguko wa hitilafu. Mwambie fundi akuandikie namba. Kwa RCD ya miliampea 30, hesabu inaruhusu hadi omu 1,667 (volti 50, kikomo cha mguso salama, ukizigawa kwa ampea 0.03), lakini rodi inayozidi omu 200 haitabiriki: masika inapendeza, kiangazi inapotea. Kwa hiyo pima mwishoni mwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu kabisa.

Namba ikiwa mbaya, nenda chini kabla ya kwenda pembeni. Rodi za kuunganishwa zikifika mita 2.4 zinashusha zile omu 70 hadi 40 hivi, na kina kinafikia unyevu ambao jua haliugusi. Ikiwa kuna mwamba, piga rodi ya pili umbali usiopungua urefu wa rodi, uziunganishe. Mahali pazuri ni pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika kila siku. Ule utaratibu wa chumvi na mkaa unafanya kazi kwa muda. Mvua inaiosha chumvi, na iliyobaki inakula rodi. Udongo wa bentonaiti ni bora zaidi ukiupata.

Hatua ya 4: RCD inayokata ovyo

Chomoa kila kitu nyumbani, zima breka zote, washa RCD. Ikikataa, mara nyingi nyutro inagusana na athi mahali fulani ukutani. Breka za kawaida hukata moto tu, nyutro inabaki imeunganishwa, kwa hiyo kuzizima hakuondoi ubovu huo. Ikikubali, pandisha breka moja moja, kisha chomeka vyombo kimoja kimoja. Kitakachoikatisha ndicho. Ikikata tu wakati wa mvua, tazama taa za nje, kengele ya geti na pampu ya kisima.

Bonyeza kitufe cha T angalau mara mbili kwa mwaka. Lakini elewa kinachojaribiwa: kitufe hutengeneza hitilafu ndogo ndani ya swichi yenyewe. Kitafanya kazi vizuri hata kama rodi yako imeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu.

Njia za mkato za kukataa

Fundi akikosa athi kwenye soketi, wapo wanaochukua kipande cha waya na kuunganisha nyutro na tundu la athi ndani ya soketi hiyohiyo. Kiplagi cha taa tatu kitasema kila kitu ni kizuri. Mtekenyo utaisha. Siku nyutro itakapokatika, kila bodi la chuma lililochomekwa hapo litapanda hadi volti 230 kupitia chombo chochote kilichowashwa, na hakuna breka itakayokata. Ukifungua soketi ukaona kipande hicho, kiondoe siku hiyohiyo, hata kama maana yake ni kukaa bila athi hadi kesho.

Ya pili ni kupima athi kwa balbu: ncha moja kwenye moto, nyingine kwenye athi, “ikiwaka, athi ipo”. Tatizo linakuja isipowaka. Kama waya wa athi umekatika kuelekea kwenye rodi, balbu imeupeleka moto kwenye waya wa kijani wa nyumba nzima. Mtoto aliyeshika mlango wa friji chumba cha pili hajui kwamba unafanya majaribio.

Ya tatu, bomba la maji. Zamani mabomba yalikuwa ya chuma hadi barabarani. Leo kipande cha chuma kinaishia kwenye plastiki nje ya ukuta, na ulichofanya ni kuunganisha hitilafu ya friji na shawa.

Athi nzima, kelele zipo

Hapa hatari imepungua, kinachobaki ni karaha. Sabufa ikivuma, chomoa nyaya zote za sauti zinazoingia ndani yake. Mvumo ukibaki, mara nyingi ni kapasita za usambazaji umeme ndani ya amplifaya. Mpelekee fundi redio. Ukiisha, rudisha waya mmoja mmoja. Mara nyingi mkosaji ni king'amuzi, kwa sababu waya wa dishi umeleta athi ya pili kutoka kwenye mlingoti uliosimikwa nje, na kati ya athi hizo mbili unapita mkondo wa hezi 50 ambao spika zinauimba. Lisha televisheni, king'amuzi na amplifaya kutoka ekstensheni moja yenye athi ya kweli, na funga mlingoti wa dishi kwenye athi ileile ya nyumba. Ikishindikana, transfoma ndogo ya kutenganisha sauti inamaliza. Kukata pini ya athi ya amplifaya pia kunamaliza mvumo, na ndivyo mwimbaji anavyopigwa mdomoni na maikrofoni.

Nyaya za HDMI na dishi zichomeke au zichomoe vyombo vikiwa vimetolewa ukutani. Zile volti 115 zinazoelea huruka kwenye pini nyembamba, na milango mingi ya HDMI imekufa hivyo.

Kwa redio inayokoroma, washa ile ya betri, itege kati ya stesheni mbili, zima meni swichi. Kelele ikibaki, inatoka kwa jirani au kwenye nguzo. Ikiisha, rudisha breka moja moja kisha tembea na redio kuelekea inakozidi. Utafika kwenye balbu ya LED ya bei ya chini, chaja, au inveta. Sauti ya kutatarika isiyo na mpangilio ni ya kiungo kinacholegea na kutoa cheche, na hiyo usiiache, ndiyo huanzisha moto. Kwa chaja, pete ya feraiti iliyozungushiwa waya mara kadhaa husaidia. Kwa simu inayojibonyeza, badilisha chaja tu.

Balbu ya LED inayomemeta ikiwa imezimwa nayo ipimwe: kuna uwezekano swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya moto, na anayebadilisha balbu hiyo anashika moto mkavu.

Radi na jenereta

Ekstensheni za kuzuia radi hutegemea athi kumwaga sehemu ya pigo. Bila athi ulinzi wake unapungua sana. Mawingu yakikusanyika, chomoa umeme pamoja na waya wa dishi, kwa sababu radi haichagui mlango.

Jenereta ndogo ina tatizo lake: nyutro yake mara nyingi haijaunganishwa na ardhi popote, hivyo RCD yako inaweza kukaa kimya kabisa wakati wa mgao. Unapofunga swichi ya kubadilisha kati ya shirika na jenereta, mwambie fundi aunganishe nyutro ya jenereta na athi pale kwenye jenereta, aweke swichi inayohamisha moto na nyutro kwa pamoja, kisha aijaribu RCD kwa kipimo jenereta ikiwa inanguruma. Na kabla hajaanza, aonyeshe leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kwa Kenya, ya EPRA.